Nimekitengeneza kinanda, sasa kwaya inataka niseme nani alikiunguza

Mama Priska, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa Makambako, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, na mbele yangu mezani kipo kinanda cha kwaya ambacho kililetwa hakitoi hata mlio na sasa kinaimba vizuri kabisa, ningetakiwa niwe mtu mwenye furaha lakini chakula hakipiti, mke wangu ananiuliza una nini nasema ni baridi, na baridi kweli ipo lakini siyo hiyo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana ukurasa wako nausoma kila unapotoka na najua kugombeza hukosi.

Ili unielewe lazima nianze na Mzee Anselmi. Huyu siyo baba yangu wa damu lakini namwita Baba, kwa sababu baba yangu mzazi alifariki nikiwa shule ya msingi na mama akawa mgonjwa wa kwenda na kurudi hospitali ya Ikonda, na Mzee Anselmi, ambaye alikuwa jirani tu na mwenyekiti wa kwaya ya kigango chetu huko nje kidogo ya Njombe mjini, alinichukua nikawa nakula kwake, nalala kwake, napanda viazi na watoto wake, naimba kwenye kwaya yake, na siku nilipoifungua redio yake nikashindwa kuirudisha hakunichapa, alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia mkewe Mama Hilda, huyu mtoto mikono yake inawasha, tumtafutie kazi ya kuifanya. Na kweli nilipomaliza shule akanileta mwenyewe hapa Makambako kwa fundi mmoja wa zamani, na mbele yangu akamwambia yule fundi, "Nakuletea kijana wangu, hadanganyi." Hakusema nina akili, hakusema nina bidii, alisema hilo tu, na kwa hilo nikapokelewa.

Mama, siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mzazi, mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyesimama kaburini na kuanzisha wimbo, mtoto wangu wa kwanza nimempa jina lake. Kila ninapofungua kufuli la kibanda hiki namshukuru Mungu na yule mzee kwa pamoja, siyo kwa mdomo tu, namshukuru kwa moyo wangu wote, na nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Sasa kwaya yetu ina utaratibu wake. Kinanda kile kilitokana na shamba la viazi la kwaya, watu walilima kwa pamoja msimu baada ya msimu, walipulizia dawa, walibeba magunia migongoni, kwa hiyo kinapendwa na kinaogopwa, na kwa vile kwaya nyingine vinanda vyao vilikuwa vinatolewa kimya kimya kwenda kupigwa kwenye maharusi, Mzee Anselmi aliweka sheria kwamba kinanda kinalala kwake mwenyekiti na chaja inalala kwa mpigaji, ili mmoja asiweze kukiwasha bila mwenzake. Betri za mawe hakitumii tena, sehemu yake ilishaoza kwa kutu. Sheria hiyo ilisifiwa hata na katekista, na bwana mmoja wa sauti ya nne aliyewahi kukichukua bila ruhusa, Mzee alimsimamisha kwaya msimu mzima bila kumwonea haya.

Mpigaji ni binti anaitwa Erica. Anafundisha chekechea, mpole, alifundishwa kinanda na sista mmoja wa misheni, na toka ameanza kupiga watu wanawahi misa. Jumapili moja baada ya misa alikichukua kwa ruhusa akampigie bibi mmoja mgonjwa nyumbani kwake, jioni akakirudisha kwa Mzee kizima, chaja akaondoka nayo kama kawaida. Alhamisi yake kwenye mazoezi walichomeka, kinanda hakikuwaka.

Siku iliyofuata nikamwona Mzee Anselmi anashuka kwenye Kosta hapa stendi, amekibeba kinanda amekifunga blanketi kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikamkimbilia, tukasalimiana kwa kikwetu, kamwene, kamwene, nikampokea mzigo. Akasema, "Kimezimika chenyewe." Mama Priska, wateja wote husema hivyo, hakuna mtu aliyewahi kuniletea kitu akasema nimekiharibu, kwa hiyo sikushtuka, nikafungua skrubu. Harufu ya kuungua ikanipiga usoni. Kapasita imevimba na kumwaga maji yake, na ile daiodi ndogo nyeusi inayokaa mlangoni kama mlinzi imeungua mpaka imegeuka kuwa makaa. Hiyo huungua hivyo umeme ukiingia kinyume, hasi mahali pa chanya. Nikamwangalia mzee, mzee akaangalia nje.

Nikamuuliza taratibu, "Baba, mlichomeka chaja ipi?"

Akalikunja lile blanketi mara mbili. Halafu akasema, "Ya bomba."

Ni lile bomba la kupulizia dawa kwenye viazi, la betri, la kubeba mgongoni, siku hizi kila mkulima kule kwetu analo. Pini ya chaja yake inalingana kabisa na tundu la kinanda kile, inaingia bila kulazimisha, lakini chanya na hasi zimekaa kinyume na nguvu yake ni kubwa kuliko kinanda kinavyotaka, na hapo ndipo watu wanapokwama, wanadhani tundu likikubali basi na umeme umekubali. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, tangu ujana nimeongoza kwaya kwa mkono. Hivi vya kubonyeza sivijui. Nilitaka nijue hata wimbo mmoja kabla sijafa, ule wa mavuno, mwanzo wake tu. Mama yenu alikuwa shambani. Kumwomba yule binti anifundishe niliona aibu, mimi mwenyekiti." Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi yangu vilevile.

Kabla hajapanda gari la kurudi akanishika mkono akasema, "Waambie umeme ulikuja kwa nguvu. Umeme hauna mwenyewe, hauumizi mtu." Nikaona kweli, hauumizi mtu. Nikanyamaza, akaondoka, akaenda kuiambia kwaya kwamba fundi wa Makambako amesema ni umeme.

Mimi nikashika kazi. Nilitafuta vipuri kwenye mizoga ya redio na ving'amuzi niliyonayo, nikabadilisha daiodi, nikabadilisha kapasita, na ile IC ya kushusha umeme ambayo nayo ilikuwa imepasuka, nikasafisha, nikapima kila njia kwa mita, na kumbe saketi kuu yenye sauti zote ilikuwa salama, ile daiodi ilikufa ikiwa kazini na kuwakinga wenzake. Nilipobonyeza na kikalia nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani yangu muuza mbao akaja kuchungulia. Nikapiga simu kwa Mzee, akashukuru mpaka sauti ikakatika. Nilidhani yameisha.

Kumbe watu wamekaa wamepiga hesabu zao. Wakasema, kama ni umeme umekiunguza basi kilikuwa kimechomekwa, na kama kilikuwa kimechomekwa basi chaja ilikuwepo, na chaja iko kwa Erica, kwa hiyo Erica ndiye aliyekiunguza kwa yule bibi mgonjwa, akakirudisha kimya akijua kimekufa. Sheria ile ile nzuri ikamgeukia. Wamemsimamisha. Wamemwambia asimame mbele ya kwaya aombe radhi ndipo arudi, naye amekataa, anasema hawezi kuomba radhi kwa kosa asilolifanya, na kukataa kwake ndiko kunakowafanya wamwone jeuri. Mama yake ameacha kwenda jumuiya. Wazazi wengine wameanza kunong'ona kama mtu wa hivyo anafaa kukaa na watoto wao. Mzee alikuwa kwenye kikao hicho, na alinyamaza. Nilipompigia akasema, "Itapita tu, mwanangu."

Halafu Erica akanipigia yeye mwenyewe. Akanisalimia shikamoo, akasema, "Fundi, wewe ndiye umekifungua. Naomba uniambie tu, ni mimi nimekiunguza?" Nikamjibu bado naangalia. Akasema haya, asante fundi, Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, na kesho yake akanitumia chaja yake kwa konda wa Kosta nikaipime. Nimeipima. Ni nzima haina hata mkwaruzo, na hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba umeme haukuruka, maana ungeruka chaja ndiyo ingetangulia kufa.

Jumamosi hii natakiwa kukipeleka kinanda kwenye mazoezi na kueleza mbele ya kwaya nzima kilichotokea, katibu amenipigia akasema wanataka wasikie kwa masikio yao, na Jumapili ni misa ya shukrani ya mavuno. Nikisema ukweli ninamvua nguo mtu aliyenivisha mimi nikiwa sina kitu, mbele ya watu aliowaongoza maisha yake yote. Nikisema umeme ninamzika binti wa watu. Nimewaza kusema sijui, nimewaza kumpa konda akipeleke mimi nisionekane, nimewaza hata kusema nimekiunguza mimi hapa mezani. Mama Priska, mtu unamshukuruje aliyekulea, ni kwa kumfunika au kwa nini? Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Fundi, Makambako

*

MAMA PRISKA ANAJIBU

Marahaba, fundi wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana nukta umeweka chache na mahali pa kukaa sikuona. Lakini nikuambie kitu kwanza kabla sijakugeuka. Nimefurahi. Kwenye meza hii napokea barua za watoto waliosomeshwa wakawasahau waliowasomesha, na leo nimepata ya mtu ambaye kila akifungua kufuli anamkumbuka mzee aliyempa ugali. Asante kwa hilo. Mzee Anselmi alilea mtu.

Haya, sasa kaa vizuri nikugombeze. Binti amekupigia simu, kanyenyekea, kakuuliza swali moja, na jibu ulikuwa nalo mezani limeshaungua na kunuka. Ukamwambia bado unaangalia. Unaangalia nini? Naye akakuombea baraka. Nadhani baraka hiyo ndiyo iliyokuzuia kula, siyo baridi, na vizuri ikuzuie kidogo.

Wewe na mzee mlikubaliana kwamba umeme hauumizi mtu. Mimi umeme naujua wa kuwasha na kuzima tu, lakini watu nawajua. Kitu cha pamoja kikiharibika watu hawalali mpaka wampate wa kumnyooshea kidole, na mkiwanyima aliyefanya watamshika aliye karibu. Mlipomwondoa mzee pale mliacha kiti wazi, na mtu wa kwanza kupita alikuwa Erica. Hamkukusudia, najua. Lakini sasa amekikalia, na kila siku mnayonyamaza mnamkandamizia hapo.

Na usithubutu hiyo ya kusema umekiunguza wewe. Inaonekana ya kishujaa lakini ni uongo mwingine, na fundi anayejitangaza kuunguza vitu vya wateja atafunga kibanda kabla mvua hazijarudi. Mtoto wako mwenye jina la mzee atakula nini?

Umeniuliza mtu anamshukuruje aliyemlea. Rudi kwenye barua yako mwenyewe, umelijibu bila kujua. Mzee alipokupeleka kwa fundi wa zamani alikupa kitu gani? Bisibisi alikupa yule fundi. Ujuzi ulijitafutia. Alichokupa Mzee Anselmi ni neno moja, kwamba hudanganyi, na kwa neno hilo umeishi mpaka leo. Watu wanakuachia spika zao na redio zao wanaondoka bila wasiwasi kwa sababu ya neno hilo. Hiyo ndiyo zawadi yake kwako, nyingine zote ni nyongeza. Sasa siku ya Jumamosi ukisimama mbele ya kwaya ukasema umeme, utakuwa umeichukua zawadi yake ukaitupa mbele ya macho yake, na yeye ndiye atakayeiona ikianguka. Unadhani utakuwa umemshukuru? Utamvunja moyo mzee huyo kuliko aibu yoyote ya kinanda.

Utasema, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba. Alikuomba akiwa na hofu, amekushika mkono, macho yamelowa. Maneno ya mtu aliyeogopa usiyafanye wosia. Mzee huyo amekaa maisha yake yote akiwa mkali kwa haki, na sasa ukali wake umemrudia mlangoni kwake, anamwona yule bwana wa sauti ya nne anavyocheka. Ndicho anachokiogopa, siyo kinanda. Na kwa kweli kosa lake lenyewe ni dogo, hata linanifurahisha. Mzee alitaka kujifunza wimbo wa mavuno. Nani atamfukuza mtu kwa hilo? Kosa kubwa ni alipokaa kwenye kikao akamwangalia binti anabebeshwa mzigo wake. Hilo kila siku linakua, na wewe ndiye mtu pekee duniani unayeweza kumsaidia alitue, kwa sababu ni wewe pekee unayelijua na unampenda.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa shika simu umpigie Erica. Usimtaje mzee. Mwambie tu, "Chaja yako nimeipima ni nzima, kinanda hakikuunguzwa na chaja hii, hukukiunguza wewe, na Jumamosi nitasema hivyo mbele ya kila mtu. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu." Hayo ni ya kazi yako, umeyaona kwa mita yako, huhitaji ruhusa ya mtu yeyote kuyasema. Mpe binti usingizi wake leo.

Usingoje Jumamosi kwenda kijijini. Nenda Ijumaa, kinanda ukiwa nacho, na vile vipuri vilivyoungua uvifunge kwenye kitambaa uviweke mfukoni. Na usiyaseme haya kwa simu, mtu mzima haambiwi mambo kama haya kwa simu. Msalimie Mama Hilda, kula alichopika, ota moto, ulizia viazi. Kisha mwombe mzee mtoke nje mkakitazame kinanda mkiwa wawili.

Hapo anza na shukrani, yote uliyoniandikia mimi, mwambie yeye. Nina wasiwasi hujawahi kumwambia hata nusu yake, wanaume mnajua kuandikia magazeti. Akishayasikia hayo, mwambie na haya: "Baba, uliniambia niseme umeme. Siwezi, kwa sababu wewe ndiye uliyesema sidanganyi. Kesho wataniuliza na nitajibu. Lakini sitaki wasikie kwangu, nataka wasikie kwako." Basi. Unyamaze. Usimhurumie haraka ukaanza kupunguza makali ya maneno yako. Mwache akae nayo, hata kama chakula cha jioni kitapoa.

Akikasirika, vumilia, amekuvumilia wewe ulipoifungua redio yake. Akilia, shika mkono. Akisema hawezi, usibishane naye, mwambie tu utakuwa pale, na mlale.

Na kuhusu sheria ile ya kinanda huku chaja kule, niwaulize wanakwaya wote wanaosoma hapa, hivi mlimlinda nani? Mmetenganisha kitu na chaja yake, mtu akabaki na kinanda chenye tundu wazi na nyumba imejaa chaja za kila aina. Ya redio, ya tochi, ya bomba la dawa, zote pini zinafanana. Fundi, kabla hujakitoa hapo kibandani chukua rangi, weka alama kwenye tundu na alama ile ile kwenye chaja yake, na uvifunge kwa kamba vikae pamoja. Kama mnaogopa kitapelekwa harusini, wekeni kufuli kwenye kabati, siyo kwenye chaja. Halafu wafundishe watu, dakika chache tu mbele ya kwaya, kwamba pini kuingia siyo ruhusa. Ungewafundisha mapema, leo tusingekuwa hapa, na hilo nalo ni lako.

Sasa Jumamosi. Ukiingia, usikae kule mbele na viongozi kama mgeni wa heshima. Kaa karibu na mzee, bega kwa bega. Wakikuita ueleze, mwangalie kwanza yeye. Akisimama, wewe kaa, na umwache amalize yote kwa sauti yake, pamoja na radhi anayotakiwa kumwomba Erica na yule bwana wa sauti ya nne aliyemsimamisha kwa sheria ambayo naye ameivunja, na usimsaidie neno hata moja. Asiposimama, simama wewe. Sema kwa ufupi, bila kumdhalilisha, sema alichotaka kujifunza na sababu yake, sema na wewe ulinyamaza ulipotakiwa kusema. Kisha urudi ukae pale pale ubavuni kwake. Watu watakuangalia waone kama utahama kiti. Usihame.

*

Barua hii ilijibiwa kwanza kwa ujumbe wa simu, kwa kuwa Jumamosi isingeweza kulisubiri gazeti. Tunaichapisha sasa kwa ruhusa ya wote watatu. Jina la binti tumelibadilisha. La Mzee Anselmi hatukuligusa, yeye mwenyewe ameomba libaki kama lilivyo.